Mahali pa Sylvanus Lisamula katika Darasa la Juu

Siku ya kwanza kushughulika na Sylvanus Lisamula alinishika ukosi wa shati katikati ya soko la ng'ombe, akaninyanyua hadi nikasimamia vidole vya miguu, kisha akanitupa kwenye mavi ya ng'ombe. Nilikuwa nimemnong'oneza mnunuzi kwamba fahali wake ana jino bovu. Fahali hakuwa na jino bovu. Ndiyo kazi ya dalali: unamchafua mnyama kwa mdomo, halafu unatuma mtu wako amnunue. Wengine wakinigundua hutukana. Huyu hakutukana. Aliinama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama daktari:

"Sasa muangalie tena. Jino ni bovu?"

"Ni zima."

"Usiniambie mimi. Waambie hao."

Nikawaambia. Fahali akauzwa kwa thamani yake, nami, mavi yakiwa bado yananichuruzika shingoni, nikadai ujira wangu wa udalali. Kupigwa si sababu ya mtu kusamehe haki yake. Sylvanus alicheka mpaka akashika mbavu, akanipa. Tangu hapo tukawa watu wa kazi moja.

Hiyo ilikuwa kabla ya Uhuru, alipokuwa bado anapiganisha mafahali. Watu wa nje huja kutazama mafahali wakipigana, lakini sisi wenyeji tunajua kwamba fahali wakimaliza, wenye fahali huanza. Nilimwona akimpiga mtu wa Khayega ngumi moja tu. Yule mtu alikaa chini taratibu, kama aliyekumbuka jambo la nyumbani, asiinuke mpaka walipommwagia maji. Mwingine alimvunja mbavu kwa sababu alimchapa fahali wake jichoni kwa fimbo. Kwa hizo mbavu alifungwa. Akatoka jela ameokoka.

Sikuamini. Nimeona wengi wakitoka jela na Biblia, na siku ya soko la pili wanaiuza. Lakini Sylvanus aliuza mafahali, akaingia chuo cha wachungaji kilicho nje ya mji, akamaliza ngazi ya chini, wakamtuma kuwa mwinjilisti kule Isecheno kwenye msitu. Muda wote huo hakumgusa mtu. Walevi walimjaribu, wakamtemea mate, wakamwita "mama mchungaji". Alifuta mate, akaendelea kuhubiri.

Mwaka wa sitini na nne, chuo kikafungua darasa la juu. Zamani aliyetaka elimu ya juu ya uchungaji alipelekwa Ulaya. Baada ya Uhuru kanisa likasema, hapana, wetu wasomee hapa. Lakini wakaweka masharti makali kuliko ya Ulaya, ili mtu asiseme ni darasa la wenyeji. Lazima uwe umemaliza ngazi ya chini na alama nzuri. Lazima uwe umetumikia kanisa si chini ya miaka miwili. Lazima ulale chuoni, hata kama nyumba yako iko ng'ambo ya barabara. Na asiyefika siku ya kufungua, mahali pake anapewa anayefuata kwenye foleni. Mahali palikuwa sita. Walioomba walijaa ukumbi.

Haya nilikuwa nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikilipelekea jiko la chuo ng'ombe wa nyama, na Mkuu wa chuo, mchungaji mwembamba mwenye maneno machache, alipenda kuzungumza nami nikisubiri ng'ombe akaguliwe. Ndiye aliyeniambia kwamba baraza lilibishana juu ya Sylvanus mpaka chai ikapoa. Alama zake zilikuwa safi. Mikono yake ndiyo haikuwa safi. Mwisho wakamkubali, ila kwa sharti ambalo hawakumwekea mwingine: akimwaga damu ya mtu yeyote kabla ya mwaka kuisha, hata kama amechokozwa, hata kama ni haki yake, mahali pake panakwenda. Wala hakuna kukata rufaa.

Sylvanus alikuwa anapataka mahali hapo kama mtu anavyotaka maji. Bila darasa la juu asingewekewa mikono awe mchungaji. Angebaki mwinjilisti wa kubebea wachungaji mikoba hadi kufa, na kila akipita kijijini watu waseme, yule ni yule wa ngumi.

Sasa, alikuwa na dada, Navalayo, aliyeolewa na Kipkemboi, Mnandi wa upande wa Kipkaren. Mshenga wa ndoa hiyo nilikuwa mimi. Ng'ombe wa mahari tulikwisha kubaliana, lakini serikali ikapiga karantini kwa sababu ya ugonjwa wa midomo na kwato, na hakuna mnyama aliyeruhusiwa kuvuka kuja Kakamega. Kipkemboi angefanya nini? Ng'ombe wako zizini kwake wanakula, na hapa kwao Navalayo wanaulizwa kila siku. Aliyeuliza kwa kelele zaidi ni Philemon, mdogo wake Sylvanus, ambaye alikuwa amechumbia msichana anayeitwa Priscah na alikuwa anangojea ng'ombe haohao ili naye aoe.

Mama yao, Jael, aliugua, Navalayo akaja kumtunza. Jael alipopata nafuu, Kipkemboi akaja kumchukua mkewe, nami nikamsindikiza kama mshenga. Philemon hakutusalimu vizuri.

"Mke bila ng'ombe ni mgeni tu, shemeji," alimwambia. "Na mgeni huja, hukaa, hurudi kwao. Huyu amesharudi kwao."

"Ng'ombe wako karantini," Kipkemboi akasema.

"Basi na mke yuko karantini."

Akatoka, akaenda kukata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Nilimwona Kipkemboi akisogeza rungu lake karibu na mguu. Jael alikuwa amechinja ingokho, kuku wa heshima, kwa ajili ya mkwe wake, tukaletewa na obusuma, ugali wetu, tukakaa kivulini karibu na ghala la mahindi, tukala.

Hapo ndipo Sylvanus alipotokea akikimbia kutoka barabarani, koti mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa ametoka chuoni. Na kwa kuwa Kipkemboi alikuwa pale, alisema Kiswahili, lugha yetu na mgeni. Sasa ujue ulimi wa mtu wetu ulivyo. Akitulia, l ni l na r ni r. Akifurahi sana, herufi hizo mbili zinabadilishana viti.

"Nimepata mahari!" akapiga kelele. "Mama! Nimepata mahari!"

Kipkemboi alirudisha tonge kwenye sahani.

"Mahari?"

"Mahari, mulamwa, shemeji yangu! Mungu si mtu!"

"Amekupa nani?"

"Mkuu wa chuo mwenyewe. Amenishika mkono, amesema, Sylvanus, chukua, ni yako."

"Ngapi?"

"Ziko sita tu. Moja ndiyo yangu."

"Na hizo tano?"

"Ni za wengine huko. Watu walikuwa wanagombania, wacha tu!" Sylvanus alijifuta jasho, akawa anacheka peke yake. "Navalayo yuko wapi? Jumatatu ananisindikiza. Mimi nabeba sanduku, yeye anabeba blanketi."

"Anaenda na blanketi," Kipkemboi akasema polepole. "Atalala huko?"

"Jua likizama atalala, si nyumba ya Mkuu ni kubwa?"

Mimi nilikuwa nimekwisha elewa. Nilijua habari za darasa la juu, na nilijua Mnandi huyu anasikia nini: kwamba mke wake ametolewa mahari na mwanamume mwingine, na Jumatatu anapelekwa. Lakini mdomoni nilikuwa na paja zima la kuku. Nilipolimeza, rungu lilikuwa limekwisha kutoka.

Pigo la kwanza lilimpata Sylvanus bega la kushoto, nikasikia mfupa ukilia kama kijiti kikavu. La pili lilimpasua sikio. Damu ikaruka kwenye sahani za chakula. Jael akapiga ukemi. Sylvanus alirudi nyuma, ngumi ya kulia ikapanda yenyewe, ile ngumi ya zamani, nikasema moyoni, Mnandi huyu amekufa. Lakini ngumi haikushuka. Sylvanus aligeuka, akaikumbatia nguzo ya ghala kwa mikono yote, akafunga vidole kwa vidole upande wa pili, akampa Kipkemboi mgongo.

"Piga, mulamwa!" akasema. "Piga, lakini niambie kosa!"

"Umeuza mke wangu!"

"Nani?"

"Umeuza mke wangu, mwizi wewe na Biblia yako!"

Rungu likawa linashuka mgongoni, puu, puu, kama mtu anayepura maharagwe. Shati lilichanika, ngozi ikafuata. Nikaruka kati yao nikipiga kelele nimweleze Kipkemboi kwamba ni mahali, si mahari. Lakini na mimi ni mtu wa hapahapa, na woga huharibu ulimi kuliko furaha.

"Ni mahari!" nikalia. "Kipkemboi! Mahari, si mahari!"

"Nimesikia ni mahari!" akanijibu, akanipiga kumbo, nikaangukia kuni.

Pale chini ndipo nilipomwona Philemon akija kutoka nyuma ya nyumba na panga lake la majani. Hakuuliza kitu. Kipkemboi alimwona akiwa ameshafika, akainua mkono wa kushoto kujikinga. Panga likashuka. Vidole viwili vikaangukia kwenye majivu, na kwa muda kila mtu alivitazama, hata Kipkemboi mwenyewe, kana kwamba havijulikani ni vya nani. Kisha akapiga magoti akiwa ameshika mkono tumboni. Rungu likabingirika. Philemon akainua panga mara ya pili, na safari hii hakuwa anatafuta mkono. Alikuwa anatafuta shingo.

Sylvanus aliachia nguzo.

Alipiga mara moja. Ilimpata Philemon tayani, nikaona uso wa yule kijana ukienda upande mmoja na mwili upande mwingine. Panga liliruka juu ya ghala. Philemon alianguka kifudifudi, akatema damu na meno. Sylvanus naye, mgongo ukamshinda, akaporomoka chini ya nguzo.

Ndipo Navalayo akafika kutoka mtoni, akautupa mtungi, akamlalia mumewe huku akiufunga mkono wake kwa kanga.

Ukemi wa Jael ulikuwa umejaza boma. Vijana wa kijiji walikuja na fimbo na mawe. Walimkuta Mnandi ana rungu lenye damu miguuni, watoto wawili wa Jael wamelala, basi hawakuhitaji maelezo. Walimpiga hadi askari wa chifu walipofika, na askari wakamchukua yeye, maana ndiye aliyekuwa mgeni. Baiskeli yake ilivunjwavunjwa, ikatupwa chooni. Selini aliwakuta mahabusu waliokuwa wamekwisha sikia habari, nao wakampiga wanavyojua wao.

Philemon alilazwa hospitali, taya limefungwa kwa bandeji hadi kichwani. Polisi walipomwuliza ni nani aliyemvunja, alinyoosha kidole kwenye rungu walilolileta. Kijiji kizima kikasema hivyohivyo. Hapo Kipkemboi akawa na shtaka la Sylvanus na shtaka la taya, na la taya ndilo lililokuwa zito.

Nilikwenda hospitali kufanya biashara. Nilimwambia Philemon aseme alianguka kwenye kuni. Kipkemboi atoke, karantini iishe, ng'ombe waje, yeye aoe. Ukijadiliana na mtu aliyefungwa taya unaongea peke yako. Alitikisa kichwa. Nikaongeza nitamtafutia ndama juu ya mahari. Akatikisa. Nikamwuliza anataka nini basi. Akaashiria kwa vidole viwili juu ya kichwa, pembe, kisha akafungua mikono yote kwa upana. Nikaelewa: alikuwa amesikia kwamba kuna tajiri wa Lugari anayemtaka Navalayo kwa zizi kubwa zaidi. Kipkemboi akifungwa, dada yake yuko sokoni tena.

"Unachezea kichwa cha mtu," nikamwambia.

Akanyoosha kidole kwenye taya lake.

Nikaenda kwa Mkuu wa chuo. Nilimweleza jinsi mambo yalivyokuwa, ila ile ngumi niliizunguka kidogo.

"Tuseme mtu amevunjwa taya," nikasema, "lakini damu ilibaki mdomoni, akaimeza. Hiyo imemwagika au haikumwagika?"

Alinitazama juu ya miwani. "Dalali, leo unaniuzia ng'ombe au mwanafunzi?"

"Nauliza tu, Mchungaji."

"Nilimpigania huyo mtu barazani mpaka nikachukiwa. Nikilegeza sharti mwaka wa kwanza kabisa, watasema darasa la juu ni la wahuni, na walioko kwenye foleni watalia, tena kwa haki. Simuulizi mtu mwingine. Kama Sylvanus hakumpiga mtu, aje Jumatatu. Kama alimpiga, asije. Yeye anajua."

Kwangu hiyo ilikuwa habari njema. Maana yake hakuna atakayechunguza. Kijiji kimesema ni rungu, Philemon amesema ni rungu, polisi wameandika rungu. Nikamfuata Sylvanus nyumbani, nikamkuta ameketi, bega limefungwa, mgongo haugusiki. Sanduku lake lilikuwa tayari.

"Nenda darasani, nyamaza," nikamwambia. "Mnandi ana mgongo mgumu. Nitamtafutia wakili wa Kihindi, atatoka."

"Atatoka lini?"

"Atatoka."

"Hakimu akiona hilo taya, atampa miaka. Na Navalayo atakuwa ameshapelekwa Lugari."

"Bwana, usiuze kwa hasara. Hukumkata vidole wewe. Ukisema ulimpiga mdogo wako, chuo kimekwenda, na kwa historia yako hakimu atakurudisha jela. Unatoa mahali na uhuru wako, unapata nini?"

Akasema, "Dalali, wewe uliona. Philemon alipokuja na panga, mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo."

"Ulifanya vizuri."

"Nilimwona. Nilimwona kabla ya Kipkemboi kumwona. Ningeweza kumshika mkono kabla hajashusha hata mara moja. Nikasema moyoni, mahali pangu." Alilitamka sawasawa, herufi kwa herufi. "Nikafikiri, labda atamtisha tu. Vidole viwili vilianguka nikiwa nafikiri. Vile vidole tayari nimevilipa kwa darasa. Unataka nilipe na kichwa chake?"

Nimefanya udalali maisha yangu yote. Ninajua mtu anayeringia bei na ninajua mtu aliyekwisha kuuza. Sikuendelea.

Asubuhi ya Jumatatu, wenzake watano walipokuwa wanaingia darasani, Sylvanus aliingia kituoni. Mimi nilimpeleka. Aliweka ngumi ya kulia juu ya meza ya inspekta. Kwenye vifundo vya vidole kulikuwa na alama za meno, zimeanza kutunga usaha.

"Taya la Philemon nimelivunja mimi," akasema. "Leteni meno yake mlinganishe."

Inspekta alitazama ngumi, akatazama rungu, akaguna. "Na mgongo wako umevunjwa na nani?"

"Mgongo wangu hauna mashtaka."

Walimtoa Kipkemboi kabla ya saa sita. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga. Walipokutana mlangoni, mmoja anatoka na mwingine anaingia, Kipkemboi aliniuliza mimi, kwa kuwa bado hakuwa anamwamini yule: "Ni kweli ni shule?"

"Ni shule," nikasema, polepole, nikichunga ulimi.

Kipkemboi alimwangalia Sylvanus tangu bandeji ya sikio hadi viatu. "Shemeji, kwa nini hukunipiga?"

"Ningekupiga ungekufa," Sylvanus akasema, naye hakuwa anajisifu. Akaingia ndani.

Jael alikwenda hospitali akamchapa Philemon kwa fimbo yake ya kutembelea, juu ya blanketi, mbele ya wagonjwa, mpaka nesi akamtoa. Mambo ya panga hayakufika mahakamani, kwa sababu Kipkemboi alikataa kushtaki ukoo wa mke wake. Lakini Sylvanus alihukumiwa. Hakimu alisoma habari za zile mbavu za zamani, akasema mtu huyu hajabadilika, akampa kifungo na kazi ngumu ya kuvunja mawe.

Mahali pake alipewa aliyefuata kwenye foleni, mtu mpole wa Butere. Alimaliza darasa la juu, akawekewa mikono, akapewa kanisa kubwa mjini lenye kengele. Sylvanus alipotoka aliomba tena, na chuo kikamjibu kwa adabu kwamba aliyeondolewa kwa nidhamu hapokelewi katika ngazi hiyo. Wakamrudisha Isecheno kuwa mwinjilisti. Amezeekea huko, bega moja liko chini kuliko jingine, anabeba mikoba ya wachungaji wadogo wanaokuja kubatiza, na baadhi yao hawajui Kigiriki kama anavyokijua yeye. Sijamsikia akilalamika, lakini pia sijamsikia akicheka kama alivyocheka siku ile sokoni.

Karantini ilipoondolewa, Kipkemboi aliswaga ng'ombe wote tuliokubaliana, kwa mkono wenye vidole vitatu, akawafikisha bila kupungua hata mmoja. Navalayo akarudi naye Kipkaren. Philemon alimwoa Priscah kwa ng'ombe haohao, na anatafunia upande mmoja. Yeye na Sylvanus husalimiana msibani tu.

Mimi nilipata mtamba wangu wa ushenga, mzuri, ambaye amenizalia sana. Jiko la chuo nilipoteza. Mkuu alisema mtu anayeweza kupima damu iliyomezwa na iliyomwagika hawezi kuaminiwa na kilo za nyama, akamtafuta muuzaji mwingine. Nilimwambia anakosea. Ng'ombe wa yule muuzaji mwingine ni wembamba hadi leo.